Taa Isiyokuwa na Mtumishi

Mwaka huu mama yangu amekuja kukaa nasi Kyebando, Kampala, kwa siku zote nane za Hanuka, na siku ya kwanza tu amenikumbusha jambo ambalo nimekuwa nikilikimbia kwa miaka zaidi ya ishirini. Hakusema neno. Aliichukua taa ya udongo ambayo wanangu walikuwa wameiweka dirishani, akaibeba kwa mikono miwili kama anayebeba bakuli la mchuzi, akaenda kuiweka nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuiona. Binti yangu wa miaka sita akamfuata bibi yake.

"Jaja, mbona unaitoa? Mama amesema watu waione."

"Watu si watu, mwanangu," mama akamjibu, akarudi kuchambua mchele wake.

Mimi nilikuwa jikoni, udongo umenikaukia mikononi hadi kwenye viwiko, kwa kuwa tulikuwa bado tunafinyanga taa ya yule mdogo. Ningeweza kumwambia mama airudishe. Nyumba ni yangu na dirisha ni langu. Lakini nilijua ile "watu si watu" aliitoa wapi, na nilijua nani aliyeipanda. Nikanawa mikono, nikanyamaza. Kunyamaza nimekuzoea.

Ngoja nikueleze vizuri, rafiki yangu, maana najua unashangaa. Ndiyo, sisi ni Wayahudi, na ndiyo, ni wa hapa hapa Uganda. Kwao mama ni kwenye vilima vya karibu na Mbale, ambako babu za babu zetu waliisoma dini hii katika Biblia wakaishika wenyewe, bila mtu kuwaletea kwa meli. Hanuka ni sikukuu yetu ya taa, siku nane, mara nyingi Desemba shule zikiwa zimefungwa. Jioni ya kwanza unawasha taa moja, ya pili mbili, hivyo hivyo hadi nane. Halafu kuna ya tisa, inayokaa juu kidogo kuliko wenzake. Bibi yangu aliiita mtumishi. Huyo ndiye anayewashwa kwanza, naye ndiye anayewasha wengine. Zile nane ni za kutazamwa tu. Huruhusiwi kushona kwa mwanga wake, wala kusoma, wala kuchukua moto wake ukawashia jiko. Ukitaka mwanga wa kufanyia kazi, ukitaka moto wa kuwashia kitu, mtumishi yupo, hiyo ndiyo kazi yake. Lishike hilo, kwa sababu ndilo lililonishinda mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka tisa, na tulikaa Mbuya, hapa hapa Kampala, ndani ya kambi ya jeshi. Baba alikuwa sajini kutoka kaskazini, Mkristo wa kwenda kanisani Krismasi na Pasaka, na mwezi huo alikuwa ametumwa mbali. Nyumba zetu zilikuwa za safu, chumba na sebule, ukuta mmoja mkiugawana na jirani, kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwombea afya. Harufu za safu yetu bado ninazo puani: mkaa, sabuni ya kipande, dagaa wa kukaanga, na rangi ya viatu, kwa maana kila jioni hakukosekana mtu mlangoni akizing'arisha buti zake.

Bibi, mzaa mama, alikuwa hajawahi kulala kambini, na alikuwa ameapa hatalala. Katika ile miaka mibaya, serikali ilipoikataza dini yetu, wanajeshi waliingia nyumbani kwake, wakachukua vitabu, wakampiga babu mbele ya watoto. Walimwamuru kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo bibi alikichukia Kiswahili kama mtu anavyolichukia jina la ugonjwa uliomwulia mtoto. Na miaka yote ile aliwasha taa zake za Hanuka ndani ya sufuria kubwa, sufuria ikiwa chini ya kitanda, watoto wamepiga magoti pembeni. Baadaye serikali ile iliondoka na dini ikaruhusiwa, lakini woga hauondoki kwa tangazo la redio. Mama alimbembeleza miaka mitatu aje Mbuya awafundishe wajukuu, hasa alipoona sisi tunaijua Krismasi vizuri kuliko Hanuka.

Mwaka wa nne akaja. Hakuja na zawadi. Alikuja na gunia la udongo wa kichuguu, zito kiasi kwamba askari wa getini alilifungua kuona kuna nini, akachovya kidole, akacheka. Bibi alisimama pembeni yake hapumui. Mama ndiye aliyetusimulia hilo baadaye, akiigiza jinsi bibi alivyokuwa ameung'ang'ania mkoba wake, nasi tulicheka.

Tulifinyanga nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo. Bibi aliutwanga udongo kwenye kinu cha karanga, akauchekecha kwa chandarua kilichochanika, akautia maji kidogo kidogo na majivu konzi moja. Halafu alitugawia, mimi donge kubwa, mdogo wangu wa kiume wa miaka mitano donge la wastani, na dada yetu wa miaka mitatu donge la kuchezea tu, ambalo nusu yake aliila. Na kulikuwa na wa nne, mtoto wa kiume wa jirani, wa miaka minne, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemfukuza. Alikuja na kaptula isiyo na kifungo, ameishika kwa mkono mmoja, akakaa, akanyoosha mkono mwingine apewe udongo. Bibi akamtazama kidogo. Kisha akampa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaviringisha udongo uwe mrefu kama muhogo mdogo, unaubana chini usibiringike, kisha unauchimba kwa kidole gumba mashimo nane sawasawa. Bibi hakukubali kijiko wala kizibo cha chupa. "Mtu na kidole chake," alisema. Kwa hiyo taa ya mdogo wangu ilikula mafuta kidogo kuliko yangu, na ya mtoto wa jirani kidogo zaidi, vishimo vya kutosha kuweka machozi tu. Mwishoni unajenga kikombe cha tisa juu ya kigongo, huyo ndiye mtumishi, na hapo ndipo watoto wadogo hulia, kwa sababu kigongo huanguka. Bibi aliwashika mikono mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa jirani alishikwa mkono kama wengine. Kisha taa zote ziliingia chini ya kitanda kukauka kivulini kwa wiki nzima, ndipo zichomwe kwenye jiko la mkaa, zimefunikwa kwa maganda ya karanga. "Udongo haupendi haraka," alisema bibi. Aliyasema hayo akinitazama mimi.

Sasa nikuambie juu ya jirani, mama wa yule mtoto. Alikuwa mwanamke mrefu wa kaskazini, mke wa koplo, sauti nzito, mkono mwepesi kutoa. Alikuja siku ya pili na bakuli la odi, ile siagi ya ufuta na karanga ya kwao, akamwambia bibi, "Mama, kula, hii iko dawa ya magoti." Bibi hakuwa na lugha nyingine ya kumjibu isipokuwa ile aliyoichukia. Akajibu kwa Kiswahili. Nilikuwepo, nikaona midomo yake ikiyatafuta maneno. "Webale... asante, mama. Habali ya mutoto?" Toka hapo kila asubuhi walikaa pamoja wakichambua mboga, mmoja akivunja Kiswahili huku na mwingine akikivunja kule, wakaelewana kuliko walimu wengi wa Kiswahili ninaowajua, nikiwemo mimi mwenyewe ninayekula kwa kukifundisha.

Na kuna jambo jirani alilifanya ambalo sikulielewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Aliona kwamba kila asubuhi mumewe akipita mlangoni kwetu na sare, bibi aligeuka akatazama ukuta. Hakuuliza chochote. Kuanzia wiki ya pili yule koplo alipita mlangoni kwetu na fulana, shati la jeshi amelikunja kwapani, akasema "Shikamoo, mama," akaenda kulivaa mbele kule, karibu na bomba la maji. Kila siku. Mwanaume mzima akivalia shati bombani kwa ajili ya bibi mmoja mgeni.

Ndiyo maana jioni ya kwanza ya Hanuka bibi aliweza kufanya alichofanya. Aliwasha taa ya dada yetu mdogo, iliyopinda kama ndizi, tukaimba baraka, kisha akasimama nayo katikati ya sebule muda mrefu. Mama alisema taratibu, "Si lazima." Bibi akaiweka dirishani na kulifungua dirisha. Jirani alikuwa nje anaanua nguo. Akasema, "Eh, mama, taa yako nzuri," akaendelea kuanua nguo. Bibi alikaa chini akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka, au analia, kwake vilifanana.

Jioni nne tuliishi hivyo. Harufu ya kabalagala, zile chapati nene za ndizi mbivu na unga wa muhogo zinazoogelea kwenye mafuta, ilijaa safu nzima, maana Hanuka ni sikukuu ya mafuta na mama alizikaanga za kwetu na za kuuza getini. Kila jioni taa ya mtoto mmoja ilikuwa na zamu yake dirishani. Ya nne ilikuwa ya mtoto wa jirani, aliyeletwa amekogeshwa na kupakwa mafuta usoni hadi anang'aa, akasimama mbele ya vimoto vinne vidogo bila kupepesa. Ya tano ilikuwa yangu.

Ila taa yangu ilikuwa na kasoro. Wiki ile ya kukausha nilikuwa nimeshindwa kusubiri. Nilitaka yangu iwe ya kwanza kuchomwa, nikaitoa chini ya kitanda nikaianika juani juu ya pipa, na ilipopasuka, kikombe cha tisa kilitoka chote na kigongo chake. Nilipasugua pale palipovunjika kwa mate na udongo hadi pakawa laini. Bibi alipoiona hakunigombeza. "Hii ni bosi asiye na mtumishi," alisema. "Atapikiwa na nani?" Jioni ya tano ilipofika alinipa kipande cha mshumaa, njano, kilichopinda, kimekaa kwenye droo ya jikoni miaka. "Kibandike pembeni. Kiwe mtumishi."

Wingu lilikuwa limekaza, na mama alikuwa getini na karai lake la kabalagala na mwavuli mbovu. Bibi akachukua turubai kumpelekea. Akaniambia, "Giza likiingia sijarudi, washa wewe. Umeshakuwa mkubwa." Sijui kama umewahi kuambiwa hivyo ukiwa na miaka tisa. Nilijiona ninafika darini.

Giza liliingia hajarudi. Nikaiweka taa yangu dirishani, nikajaza mafuta, nikasokota pamba. Nikautazama ule mshumaa nikaona utaniharibia taa yangu sura. Nikautia mfukoni mwa gauni. Niliwasha kwa njiti za kiberiti moja kwa moja, upepo ukanizimia tatu, nyingine mbili zilikuwa mbichi, hadi ile ya mwisho kabisa kwenye boksi ndiyo iliyowasha taa ya tano. Wadogo zangu walikuwa wamekaa sakafuni wananitazama kama mtu muhimu. Niliimba baraka hadi mwisho. Wakati huo umeme ukakatika, safu nzima ikawa giza, na kote humo mwanga pekee ulikuwa wangu.

Mlango ukafunguliwa. Jirani alikuwa amesimama na kijiti cha ukuni mkononi, mtoto wake ameshika gauni lake.

"Mutoto, jaja iko wapi?"

"Ameenda getini."

"Umeme imepotea na mimi sioni kiberiti. Wacha nichukue moto hapa kidogo, niwashe taa ya mafuta."

Akanyoosha kijiti kuelekea dirishani. Mimi nikaruka katikati, mikono nimeitanua.

"Hapana. Hii moto si ya kazi."

"Moto gani si ya kazi?" Alicheka kidogo, bila ubaya.

"Jaja alisema. Ni ya kuangalia tu."

"Mimi sitachukua yote. Nimetoa uji kwa jiko, iko chini, mkaa imekufa, na nyumba iko giza. Toka kidogo, mama."

Aliniita mama, kama wanavyowaita wasichana wadogo kwa upendo. Mshumaa ulikuwa mfukoni mwangu, ukinigusa paja. Kama ningeubandika ungekuwa unawaka, naye angechukua moto wake akaenda zake. Hata hivyo ningeweza kuutoa. Lakini ningelazimika kumwonyesha kwamba taa yangu ina kasoro, na nilikuwa mkubwa, na wadogo zangu walikuwa wananitazama. Kwa hiyo nilitafuta neno la kumwondoa, na mdomo wangu ukaokota lililokuwa karibu.

"Hii ni ya sisi," nilisema. "Nyinyi ni watu wa jeshi. Nyinyi ndio mlipiga babu yetu."

Mimi huyo, ambaye baba yangu ni sajini. Jirani hakucheka tena. Alinitazama, akaitazama taa, akasema, "Sawa," sauti ndogo isiyokuwa yake. Akamshika mtoto mkono, akatoka.

Nilisikia mlango wao ukifunguka. Nilisikia miguu ya mtoto ikikimbia mbele ya mama yake, maana mtoto huijua nyumba yake hata gizani. Kisha nikasikia kishindo cha sufuria, na kelele ambayo siwezi kukuandikia. Ukuta ulikuwa mmoja, nimekwisha kukuambia. Watu walitoka na tochi, mtu akapiga kelele za kuomba maji, mwingine akasema si maji, wakambeba mtoto mbio kwenda zahanati ya kambi. Taa zangu tano ziliendelea kuwaka vizuri sana. Sijaona tangu hapo taa zikiwaka vizuri hivyo.

Bibi na mama walikutana nao njiani. Bibi alifika anahema, akanishika mabega. "Kumetokea nini?"

"Amekanyaga uji," nilisema. Na ndivyo ilivyokuwa.

Mtoto hakufa. Mguu wa kulia uliungua kutoka kwenye vidole hadi karibu na goti, akalazwa. Asubuhi bibi alikaanga kabalagala mpya, akazifunika kwa jani la mgomba, akaenda kugonga kwa jirani. Mimi nilisimama nyuma yake kwa sababu miguu ilikataa kubaki na ikakataa kuingia.

"Habali ya mutoto, mama?"

"Mutoto iko."

"Mimi nimeleta kidogo ya kula."

Jirani hakuitazama sahani. Macho yake yalikuwa mekundu, na aliyakaza kwa bibi, si kwangu. Nadhani aliamini kwamba maneno niliyoyasema hayawezi kutoka kwa mtoto, lazima yatakuwa yamesemwa ndani, na mkubwa, huku odi yake ikiliwa.

"Rudi na sahani yako, mama. Na taa yenu, kaeni nayo. Kila mutu akae na yake."

Mlango ukafungwa. Bibi alisimama pale na sahani. Asubuhi hiyo hiyo koplo alipita mlangoni kwetu amevaa sare yote, vifungo vimefungwa hadi shingoni, buti zinalia, na hakusalimu. Bibi hakugeukia ukuta mara hii. Alimtazama hadi alipopotea, kisha akaingia ndani akalifunga dirisha.

"Nilikuwa nimejisahau," alimwambia mama. "Taa imewaudhi. Si ilikuwa hivi hivi? Wanakula na wewe, halafu siku moja."

Mama alisema labda ni uchungu wa mtoto tu, utapita. Bibi hakubisha. Jioni aliiomba sufuria kubwa. Aliiweka chini ya kitanda, akaingiza taa ndani yake, na sisi tukapiga magoti kwenye sakafu ya saruji kama watoto wake walivyopiga magoti zamani. Mdogo wangu aliuliza kwa nini tunajificha na bibi akamziba mdomo kwa kiganja. Moshi ulitupanda machoni. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na ilinipasa tu kusema: Jaja, ni mimi. Nilimnyima moto. Maneno matano. Sikuyasema. Sikuogopa fimbo, kwa sababu bibi hakuwa mtu wa fimbo. Niliogopa kwamba atanitazama mimi kama alivyowatazama wale waliompiga babu. Na niliona, mtoto wa miaka tisa mwenye akili zake zote, kwamba kama jirani ndiye mbaya basi mimi nimesalimika.

Jioni mbili zilizobaki tuliwasha chini ya kitanda. Kiswahili chake kilikufa siku zile, hata "asante" ya getini hakuisema siku alipoondoka, alipunga tu mkono. Alikuwa amepanga kukaa hadi shule zifunguliwe. Aliondoka siku moja baada ya Hanuka, na hakurudi Kampala tena maisha yake yote. Kule vilimani wenzake walijenga upya nyumba ya sala, wakawasha taa zao mlangoni, wageni wakaja kupiga picha. Bibi aliwasha zake chumba cha nyuma. Niliwahi kumkuta akiwafundisha wajukuu wengine kufinyanga taa fupi ya duara, iliyofaa kuingia sufuriani. Alikuwa akiwaambia, "Jirani anakula na wewe, halafu siku moja." Nilikuwa na miaka kumi na saba wakati huo. Nilikuwa na mdomo wa kutosha. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani.

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo hakikuniumbua, kwa sababu aliyekufa alikuwa yeye. Nilikuwa chuo cha ualimu nilipoletewa habari. Nilikwenda, tukamzika mlimani juu ya mashamba ya kahawa, na watu walimsifu kwamba aliilinda imani yake hata pale majirani wa kambini walipomgeuka. Walilisema mbele ya kaburi. Nililia sana siku hiyo, na watu walisema bibi huyu alipendwa.

Basi juzi, jioni ya tano, ikanishinda. Mama alikuwa anamenya matoke jikoni kwangu, watoto wako nje wanagombania udongo uliobaki. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake nikamwambia yote, mshumaa, kijiti, maneno niliyomwambia jirani. Sikupunguza. Kisu chake hakikusimama. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitia majini, akachukua nyingine.

"Najua," alisema.

Sikumwelewa.

"Yule jirani alikuja kuniaga walipohamishwa. Miezi miwili baada ya pale. Mtoto alikuwa ameanza kutembea. Alinieleza yote ulivyosema. Akasema, mutoto ni mutoto, mimi nimesamehe, na mama mukubwa umwambie, mimi sina kitu na yeye."

"Na hukumwambia jaja?"

Mama aliizungusha ndizi mkononi. "Ningemwambia nini? Wewe ulifundishwa na nani kwamba zile taa haziguswi? Habari za babu kupigwa ulizisikia kwa nani? Angejua kwamba ni mdomo wake uliomchoma mtoto wa watu. Asingeivumilia hiyo, nakuambia. Nikaona afadhali awaogope watu. Hilo alikuwa amelizoea." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na wewe ulikuwa umeanza kukojoa kitandani. Nikaona tuache."

Nilimwuliza kwa nini basi na yeye huondoa taa dirishani, ikiwa anajua. Akasema hajui. Mikono yake imezoea.

Kwa hiyo tulikuwa wawili, rafiki yangu. Miaka yote ile nilidhani nimebeba mzigo peke yangu, kumbe tuliushika huku na huku kama watu wanaohamisha kitanda, kila mmoja akiogopa kuuachia. Zile nyumba za safu hazipo tena, zimevunjwa, wamejenga maghorofa, na ule ukuta tuliogawana sijui uko chini ya ngazi ipi. Jirani sikuwahi kulijua hata jina lake la kweli, kwetu alikuwa mama wa fulani tu. Walihamishiwa kaskazini, na kaskazini ni kubwa. Mtoto wake sasa ni mwanaume wa miaka thelathini hivi, ana mguu wenye kovu na pengine ameambiwa lilitoka wapi. Naweza kumtafuta, na huenda nikamtafuta. Bibi ndiye siwezi. Bibi alikufa akimwogopa mwanamke aliyekuwa amekwisha kumsamehe.